Namna ya Kutafsiri Neno passé kwa Kiswahili

Mfasiri anayepokea makala za mavazi, mapambo ya nyumba, muziki au siasa kutoka Kiingereza hukutana mara kwa mara na neno passé, ambalo Waingereza walilichukua kutoka Kifaransa katika karne ya 18 na ambalo hadi leo huandikwa na kialama chake juu ya herufi ya mwisho. Husemwa juu ya kitu ambacho watu walikivaa, walikiimba, walikijenga au walikiamini kwa kipindi fulani, kisha wakaacha kukitamani ingawa kitu chenyewe hakijaharibika. Kulielewa si kazi. Kazi huanza pale mfasiri anapolitafutia mwenziwe wa Kiswahili, kwa kuwa maneno yetu yanayokuja haraka mdomoni, kama vile "ya zamani", "ya kale" au "kuukuu", yanataja umri wa kitu au hali yake, ilhali passé halijali umri. Linataja macho ya watu yaliyohama.

Niliwahi kutafsiri makala ya mapambo ya nyumba ambamo mwandishi alisema kwamba samani za mbao nyeusi zenye nakshi nzito zimekuwa passé, nami nikaandika kwamba ni "samani za kale". Mhariri aliyeipokea kazi hiyo aliielewa sentensi yangu kuwa ni sifa, akatafuta picha ya kiti cha enzi cha Pwani na kuiweka juu kabisa ya makala, juu ya maneno ambayo katika lugha ya asili yalikuwa yakimshauri msomaji aziondoe samani za aina hiyo sebuleni mwake. Kosa lilikuwa langu. Msomaji wa Kiswahili akiambiwa "samani za kale" huona mlango wa nakshi wa Zanzibar, huona kitanda cha besera, huona vitu vya thamani ambavyo familia hurithishana. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilishughulikia neno hili kwa hatua ninazozieleza hapa.

Lirudishe neno kwao kabla ya kulileta kwetu

Hatua ya kwanza ni kujua neno lilifanya kazi gani huko lilikotoka. Katika Kifaransa, passer ni kupita, na passé ni umbo la kitenzi hicho linaloeleza kilichokwisha kupita. Likiwa nomino, le passé, lina maana ya wakati uliopita, na kila aliyesoma Kifaransa shuleni analikumbuka katika jina la passé composé, ambayo ni njeo, yaani umbo la kitenzi linaloonyesha wakati. Mfasiri anayefanya kazi moja kwa moja kutoka Kifaransa ahakikishe kwanza kwamba neno lililo mbele yake ni kivumishi na si nomino hiyo, kwa sababu Mfaransa anayeandika juu ya le passé hasemi habari za mitindo hata kidogo.

Kuna maana nyingine ya Kifaransa ambayo wasomaji wa Kiingereza wengi hawaijui, nayo ndiyo yenye manufaa makubwa kwetu. Mfaransa akisema une couleur passée, anasema juu ya rangi iliyopoteza ung'avu wake kwa jua au kwa kufuliwa. Kwa hiyo ndani ya neno moja mna picha mbili, ya kitu kilichopita njiani na ya rangi iliyofifia. Neno lilipoingia Kiingereza lilitumiwa kwanza kwa mwanamke ambaye watu walidhani kilele cha uzuri wake kimeshapita, na baadaye likaenea hadi kwenye nguo, vitabu, dansi na nadharia. Ninaitaja historia hiyo kwa sababu mfasiri wa riwaya za Kiingereza za karne ya 18 au ya 19 anaweza kukutana na maana hiyo ya kwanza, na akiitafsiri kana kwamba mwandishi anazungumzia gauni la mwanamke huyo, sura nzima itapotoka.

Mfaransa wa leo anayetaka kusema kwamba kofia haiko tena katika mitindo hatosheki na passé peke yake. Husema passé de mode, au mara nyingi zaidi démodé, neno lililoundwa kwa kiambishi cha kuondoa, dé-, na mode, yaani mitindo. Hilo nalo limeingia Kiingereza, lakini hutumiwa na wachache na huwa na harufu ya mtu anayetaka ajulikane kwamba anajua Kifaransa. Pana pia dépassé, yaani kilichopitwa na kingine kilichokuja nyuma yake, ambalo hufaa kwa mashine, mbinu na fikra. Pana suranné, ambalo zamani lilisemwa kwa hati iliyopitisha mwaka na kupoteza nguvu yake ya kisheria. Pana vieux jeu, yaani mchezo wa zamani, linalosemwa kwa mtu mwenye tabia au mawazo ya enzi nyingine. Haya hayatafsiriwi kwa neno moja la Kiswahili lililotundikwa juu ya yote, na mfasiri anayeandika "-liopitwa na wakati" kila mahali atakuwa amewavika watu watano shati moja.

Uliza ni nani aliyegeuza macho

Baada ya hapo, soma aya nzima na ujiulize ni nani anayetoa hukumu hiyo na ametoa akiwa wapi. Kitu hakiwi passé chenyewe kwa chenyewe. Huwa passé machoni pa kundi fulani la watu. Mwandishi wa gazeti la mitindo la Paris anayesema kwamba koti fulani ni passé anasema juu ya watu wa mji wake na wa msimu wake, na koti hilo hilo linaweza kufika katika belo la mitumba, likafunguliwa katika soko la Gikomba jijini Nairobi au Karume jijini Dar es Salaam, na mnunuzi wa kwanza akaliona kuwa ndicho kitu alichokuwa akikitafuta. Ukiandika kwa Kiswahili kwamba "koti hili limepitwa na wakati" bila kutaja mahali, msomaji wako anayelivaa leo atashangaa. Ongeza maneno machache yanayoibeba hukumu kwa mwenyewe: "mtindo uliopitwa huko ulikotoka", au "koti ambalo watu wa mitindo wa Paris wamelipa kisogo".

Nahau hiyo ya kupa kisogo ninaipenda kuliko karibu zote katika kazi hii, na ningependa wafasiri wenzangu waikumbuke mara nyingi zaidi. Anayempa mtu kisogo amegeuza uso. Hakumpiga, hakumharibu, wala hakusema kwamba amezeeka. Hivyo ndivyo jamii inavyofanya kwa kitu kilicho passé. Faida yake nyingine ni kwamba inamlazimisha mfasiri amtaje mtendaji, au walau aache nafasi yake wazi: vijana wameupa kisogo, wanazuoni wameipa kisogo, mji mzima umekipa kisogo. Sentensi ya Kiingereza iliyoficha mhukumu nyuma ya kivumishi kimoja hutoka upande wa Kiswahili ikiwa na mtu ndani yake, na mara nyingi huwa sentensi bora kuliko ile ya asili.

Pima maneno moja moja

Neno la kwanza kulijaribu ni "kuchuja". Kanga mpya hufuliwa mara ya kwanza na maji yakageuka rangi, na mwenye kanga husema kwamba inachuja. Kiswahili cha kamusi kitasema pia kwamba rangi imechujuka. Kutoka kwenye beseni la kufulia, kitenzi hicho kimepanda hadi kwenye jukwaa: mashabiki husema kwamba mwanamuziki fulani amechuja, yaani yupo, anaimba, pengine hata sauti yake ni ile ile, lakini watu hawamkimbilii tena. Picha hizo mbili, ya rangi ya kitambaa na ya heshima ya kitu mbele za watu, ndizo zinazokutana pia ndani ya passé la Kifaransa, na lugha hizi mbili hazikuambizana. Kwa hiyo pale ambapo matini ya asili inazungumzia msanii, mtindo wa nywele, msemo wa vijana au jina lililotamba kisha likanyamaza, "imechuja" au "amechuja" ni tafsiri ya karibu kabisa. Izingatiwe tu kwamba ni neno la mazungumzo, lenye ukali kidogo, na halikai vizuri katika hati ya serikali au kitabu cha kiada. Pia lina mwenziwe mwenye maana ya kupitisha kitu katika chujio, kwa hiyo usiliache katika sentensi ambayo msomaji anaweza kufikiria chai au nazi.

"Kupitwa na wakati" ndiyo tafsiri inayotolewa mara nyingi zaidi, na si mbaya, ila ina uzito wake. Tumezoea kuisikia katika habari za bunge na mahakama, "sheria zilizopitwa na wakati", na katika habari za viwanda, "mitambo iliyopitwa na wakati". Katika matumizi hayo kitu kimeshindwa kufanya kazi yake, na mtu anayesema hivyo anadai kibadilishwe. Passé halidai hivyo. Suruali pana za bugaluu na viatu vya raizoni, vilivyowapendeza vijana wa Tanzania katika miaka ya 1970, havikuacha kufunika miguu. Mfasiri afanye jaribio hili dogo: ajiulize kama kitu kinachozungumziwa bado kinaweza kufanya kazi yake kikamilifu. Ikiwa hakiwezi, "kupitwa na wakati" ndilo chaguo, na huenda neno la asili lilikuwa dépassé. Ikiwa kinaweza, na kilichopungua ni hamu ya watu tu, basi fupisha na useme "mtindo wake umepitwa", kwa maana kilichopitwa ni mtindo na si kitu.

Neno "mtindo" lenyewe linastahili kutazamwa, kwa kuwa baadhi ya wafasiri huogopa kulitumia nje ya habari za nguo. Hawana sababu. Bendi za dansi za Tanzania kila moja ilijulikana kwa mtindo wake, na Msondo na Sikinde ni majina ya mitindo kabla ya kuwa majina ambayo watu waliziita bendi zenyewe. Kuna mtindo wa kusuka, mtindo wa kuandika, mtindo wa kujenga nyumba. Wenye kupenda kusema "fasheni" nao wana haki yao, na inapendeza kujua kwamba neno hilo tulilolipata kwa Waingereza, wao wenyewe walilipata katika Kifaransa cha kale, katika neno façon, lenye maana ya namna ya kufanya. Kwa maandishi rasmi hata hivyo ninachagua "mtindo", kwa sababu linapokea vitenzi vyetu kwa urahisi: mtindo huzuka, huvuma, huenea, huchuja, hupitwa, hurudi.

"Kizamani" lipo katikati. "Mawazo ya kizamani" mara nyingi ni lawama, lakini "adabu za kizamani" au "mapishi ya kizamani" yanaweza kuwa sifa kubwa. Litumie pale ambapo mazingira ya sentensi yanaeleza wazi upande gani limeegemea, hasa kwa kutafsiri vieux jeu, ambapo mtu ndiye anayehukumiwa kwa mwenendo wake. Nchini Kenya utasikia pia "ya kitambo", ambayo katika mazungumzo hubeba dharau nyepesi inayofanana sana na passé; katika mazungumzo ya wahusika wa Nairobi ni chaguo zuri.

Kwa "kale" nimekwisha kutoa ushahidi wangu. Ninaongeza tu kwamba lugha yetu imeliheshimu neno hilo kwa muda mrefu, kiasi kwamba msemo "ya kale ni dhahabu" hauhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote. Mfasiri akitaka kudharau kitu kwa kukiita cha kale anaogelea dhidi ya mkondo.

"Kuukuu" na "chakavu" huhusu uchakavu wa kitu chenyewe. Kanga kuukuu huwa laini, na mama wengi huichagua hiyo ya kumfungia mtoto mchanga badala ya mpya yenye ugumu wa dukani. Kinyume chake, doti ya kanga iliyokaa kabatini bila kuvaliwa inaweza kuwa haijachakaa hata uzi mmoja, lakini jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini, likawa limekwisha kusemwa na mji mzima, na wanawake wakawa wameshahamia kwenye toleo jipya. Hiyo ya kabatini ndiyo passé, na ile ya mtoto siyo. Kila ninapomfundisha mfasiri mchanga tofauti hii, mfano wa kanga hutosha.

"Zilipendwa" ni mtego mtamu. Neno hilo, au "zilizopendwa" kama wengi wanavyosema Kenya, tumewapa nyimbo za zamani zilizovuma, na ndani yake limebeba upendo kwa maumbile yake. Ukitafsiri kwamba nyimbo fulani ni passé kwa kuandika kwamba ni zilipendwa, utakuwa umemgeuza mwandishi aliyekuwa akizibeza kuwa mtu anayezililia. Ni neno zuri sana na lisiguswe isipokuwa pale ambapo mwandishi wa asili anakumbuka kwa mapenzi.

Mwisho wa vipimo hivi ni "ushamba". Baadhi ya wafasiri hulitumia wanapokutana na démodé kwa kuwa katika mazungumzo ya mjini mtu aliyevaa mtindo uliopitwa huitwa mshamba. Ninashauri liachwe. Linahusisha kutokujua mitindo na watu wanaoishi na kulima mashambani, na hukumu hiyo haimo katika neno la Kifaransa. Mfasiri hana ruhusa ya kuongeza tusi ambalo mwandishi hakulitoa.

Acha njeo ikufanyie kazi

Kiingereza hulitumia passé kama kivumishi, na mfasiri asiye makini hutafuta kivumishi cha Kiswahili, akakikosa, kisha akaishia kwenye mkia mrefu wa "ambao umepitwa na wakati". Hana haja ya kwenda mbali hivyo. Kiswahili hueleza hali kwa kitenzi chenye -me-: amechoka, ameketi, limeiva, umechuja. Kiambishi hicho husema kwamba tendo limekamilika na matokeo yake yapo mbele yetu sasa hivi, na passé ni hali ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo sentensi ya Kiingereza yenye maneno matatu inaweza kuwa neno moja la Kiswahili, "umepitwa" au "imechuja", bila kupoteza ufupi wake wa kukata.

Ukitumia -li-, maana hubadilika. "Mtindo huo ulipita" ni habari ya wakati fulani huko nyuma, na msomaji anaweza kudhani kwamba baadaye ulirudi. Ukitumia "umeshapita", unaongeza kitu ambacho mara nyingi kimo kweli katika passé, yaani ile sauti ya msemaji anayeona kwamba msikilizaji alipaswa awe anajua tayari. Pale ambapo mhusika wa hadithi analitamka neno hilo kwa kujivuna, -mesha- itaibeba sauti yake vizuri kuliko maelezo yoyote.

Tahadhari iko kwenye umbo rejeshi. "Mtindo uliopita" kwa Kiswahili ni mtindo uliotangulia huu wa sasa, kama vile "mwaka uliopita" ni mwaka uliotangulia huu, na hapo hukumu yote ya passé hupotea. Andika "mtindo uliopitwa", au "mtindo uliokwisha kupita", au "mtindo uliochuja". Herufi moja ya kutendwa, ile -w-, ndiyo inayotenganisha kilichotangulia na kilichoachwa nyuma, na wahariri wengi huipita bila kuiona.

Usiite passé kilichoondolewa kwa amri, wala kilichorudi

Makala zinazohusu mavazi ya Afrika zina ugumu wao. Katika Zaire ya Mobutu Sese Seko, wanaume wa ofisini walivaa abacost, koti lisilo na tai, ambalo jina lake limetokana na maneno ya Kifaransa à bas le costume, yaani suti na ianguke. Mwezi Aprili 1990 Mobutu alipotangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja, tai ziliruhusiwa tena na abacost likapoteza nafasi yake. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kuandika kwamba vazi hilo likawa passé, na kwa Kiingereza sentensi ikapita. Kwa Kiswahili ukiandika "lilichuja", unaficha kwamba lililoanguka ni agizo, na watu hawakuchoshwa na kitambaa. "Vazi hilo liliondoka pamoja na siasa yake" ni sahihi zaidi, na msomaji wa Lubumbashi au Bukavu aliyeishi miaka hiyo hatakusahihisha.

Kaunda suti nayo inaonyesha kwa nini mfasiri asome tarehe ya makala kabla ya kuchagua njeo. Suti hiyo, iliyoitwa kwa jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, ilikuwa vazi la wakubwa wa serikali katika nchi nyingi za kanda hii, kisha kwa miaka mingi ikaonekana ni vazi la wazee. Baadaye Rais William Ruto wa Kenya akaonekana nayo mara kwa mara, na mwezi Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula akaipiga marufuku ndani ya Bunge la Taifa la nchi hiyo. Vazi linalohitaji kupigwa marufuku halijapewa kisogo. Ukitafsiri leo makala ya zamani inayoiita passé, tumia njeo inayoifunga hukumu katika wakati wake: "wakati huo ilikuwa imepitwa".

Wakati wa kuliacha neno lilivyo

Mara chache, neno libaki kwa Kifaransa. Msemaji wa Kiswahili wa Goma au Lubumbashi aliyesomea shule kwa Kifaransa anaweza kabisa kusema, "Ile nguo iko démodé," na hapo hakuna cha kutafsiri. Ukimwandikia "imepitwa na wakati" umemvua sauti yake na mji wake. Vivyo hivyo kwa mhusika wa riwaya ambaye mwandishi amempa tabia ya kuchanganya Kifaransa ili ajikweze. Katika hali hizo andika neno pamoja na kialama chake, usilieleze kwa mabano, na uhakikishe kwamba sentensi inayofuata inambeba msomaji asiyejua Kifaransa.

Sishauri kulisanifisha kwa tahajia yetu. "Pasi" tayari ni kifaa cha kunyooshea nguo na pia mpira unaopelekwa kwa mchezaji mwenzako, na "pase" litasomwa kama sehemu ya kitenzi "kupasa". "Demode" lingeweza kutamkika bila shida, lakini halina kazi ambayo "mtindo uliopitwa" haijaifanya.

Kuhusu watu, nishauri jambo moja kwa msisitizo. Riwaya ya Kiingereza ikisema kwamba mwanamke ni passée, usiandike "amechuja", kwa sababu kwa masikio ya leo hilo ni tusi la mtaani, ilhali katika riwaya ilikuwa hukumu ya sebuleni iliyotamkwa kwa sauti ya chini. "Mwanamke ambaye, kwa macho ya watu wa baraza ile, ujana wake ulikuwa umeanza kufifia" ni ndefu, lakini inaiacha hukumu mikononi mwa walioitoa.

Mfano wa kazi yenyewe

Chukua sentensi ya Kifaransa isemayo: Le chapeau de mon père est démodé, mais il n'est pas vieux. Rasimu ya kwanza ya wengi huwa, "Kofia ya baba yangu imepitwa na wakati, lakini si ya zamani," nayo inajipinga yenyewe, kwa maana msomaji hawezi kuona tofauti ya pande mbili. Pitia hatua zilizotajwa. Kofia inafunika kichwa bado, kwa hiyo kilichopitwa ni mtindo. Neno vieux hapa linahusu hali ya kofia, kwa hiyo "kuukuu" ndilo linalokanushwa. Hali ipo sasa, kwa hiyo -me-. Anayesema ni mtoto anayempenda babaye, kwa hiyo "imechuja" ni kali mno. Sentensi inayobaki ni hii: "Kofia ya baba si kuukuu, ila mtindo wake umepitwa."

Ukishaandika, mpe mtu asiyeona matini ya asili aisome, kisha umwulize swali moja tu: je, kofia hiyo bado inafaa kuvaliwa? Akijibu kwamba inafaa, ila watu wameipa kisogo, rasimu iko tayari kwa mhariri.